Tulivyochagua mashini ya kukereza mbao



Tangu kikao cha mwezi wa 5, tuliposema kwamba falanga ya likelemba yetu haitanunua tena sahani na viti vya kukodisha bali mashini ya kukereza mbao, maswali hayaishi. Wengine wanatusimamisha sokoni na fungu la sombe mkononi. Mashini hiyo ni ya nini? Mwanamke ataifanyia nini? Inakula umeme kiasi gani? Ile ya kusaga mahindi haikuwa afadhali? Basi sisi wamama 14 tumekaa pamoja tukaandika namna tulivyofanya, maana kuna vikundi vya Kikula na Panda vinavyotaka kufuata njia hiyo, na falanga ya wamama haiokotwi njiani.

Tuanze na kazi yenyewe. Mashini ya kukereza haipasui mbao kama msumeno. Inaishika mbao katikati ya ncha mbili, inaizungusha, na fundi anaisogezea patasi polepole. Mbao yenye pembe nne inakuwa mviringo, halafu inapata shingo, tumbo na pete. Miguu ya vitanda vya wazee wetu, ile yenye mafundo-mafundo, ilitoka huko. Miguu ya meza, nguzo za ngazi, vinara vya mishumaa vya kanisani na mabakuli ya mbao vinatoka huko pia. Mafundi wa Likasi wanaiita tour, kwa Kifaransa, lakini Kiswahili kina neno lake tangu zamani. Kule pwani, Lamu na Zanzibar, mkereza alikaa chini, mkono mmoja unavuta upinde ambao kamba yake imezungushwa kwenye mti, mkono wa pili umeshika patasi. Na Misri, katika kaburi la Petosiris la miaka kama 300 kabla ya Kristo, kuna picha iliyochongwa ukutani ya watu wawili wakifanya kazi hiyo: mmoja anavuta kamba, mwenzake anashika chombo. Mama mkubwa wa kundi letu alipoelezwa hayo alisema, "Kumbe ni kazi ya wawili, kama kutwanga." Tukaipenda siku hiyo.

Lakini hatukuinunua kwa sababu ya Misri. Sababu yetu ilikuwa na jina na umri. Jina tunaliacha kwao. Umri ni miaka 17. Ni mtoto wa mwenzetu mjane, kijana mwenye mikono mizuri, aliyewatengenezea wadogo zake viti kwa mbao za masanduku. Falanga ya shule ilipokosekana alianza kuwafuata marafiki kwenye mashimo ya wachimbaji, upande wa barabara ya Kambove. Wamama wa Likasi hatuna haja ya kuelezwa mashimo yale. Wakati wa kiangazi mtoto anarudi mwekundu kwa vumbi, na falanga kidogo mfukoni. Mvua zikianza, mwezi wa 10 au wa 11, udongo unakunywa maji, unakuwa mzito, na ukuta wa shimo haupigi hodi kabla ya kuanguka. Tumeshalala matanga ya namna hiyo. Mwenzetu alituomba jambo moja tu: kazi yoyote mnayotaka, lakini iwe imesimama kabla ya mvua.

Mashini ya kusaga tuliijadili sana, tena kwa kelele. Katika avenyu yetu tayari ziko tatu, na ya nne ingekuwa kugawana njaa. Upande wa pili kulikuwa na fundi wa viti na meza, jirani yetu, ambaye miguu ya kukereza alikuwa anaiagiza Lubumbashi, zaidi ya kilomita 100, na kuilipia gari. Alituambia, "Mama, mkinikerezea hapa, sitakwenda tena kule." Mtu mwenye kununua alikuwepo kabla ya mashini. Kwetu hilo lilimaliza mjadala.

Kwa hiyo tulipima kazi kabla ya kupima mashini. Tulichukua mita ya fundi cherehani tukapima mguu wa meza: sentimita 72. Mguu wa kitanda cha zamani ulifika 80 na zaidi kidogo. Bakuli kubwa tuliloliona linauzwa lilikuwa na upana wa sentimita 28. Tukaandika kwenye karatasi: kati ya ncha na ncha tunahitaji si chini ya sentimita 90, na kutoka ncha mpaka kwenye kitanda cha mashini, yaani zile reli za chini, tunahitaji sentimita 15 au zaidi, ili bakuli lizunguke bila kugusa. Karatasi hiyo tulitembea nayo kama kitambulisho. Muuzaji akianza kusifu rangi na vifungo, tunaifungua.

Ilitusaidia mara ya kwanza pale Lubumbashi, dukani, mbele ya mashini mpya inayong'aa. Ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa na kitufe cha kuongeza na kupunguza mwendo, na kisanduku cha vifaa. Lakini kati ya ncha na ncha ilikuwa sentimita 45. Mguu wa meza hauingii hata ukiuomba. Kuna kipande cha kurefusha kinachouzwa peke yake, na bei yake ilitufanya tutazamane. Tena ilikuwa nyepesi. Vijana wawili waliinyanyua kama sanduku la soda. Kwa cherehani hilo ni jambo jema. Kwa mashini ya kukereza ni kasoro, kwa sababu mbao ya kwanza huwa haijasawazishwa, upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, na ikizunguka inaitikisa mashini yote. Uzito wa chuma ndio unaotuliza mtikisiko huo. Kwa mtu wa kutengeneza kalamu na vinara vidogo ile ya dukani inafaa kabisa. Sisi tulikuwa na miguu ya meza.

Kuna kifaa kingine kinachofungwa kwenye mashini ya kutobolea ili iwe ya kukereza. Hicho tunakiruka. Ni kwa kuchezea, na mashini ya kutobolea inakufa mapema.

Ya tatu ilikuwa Kikula, imetengenezwa na fundi wa kusudia vyuma, kwa mikono yake, na mota ya pampu ya maji. Tulimheshimu sana, na bei yake ilikuwa ya kibinadamu. Lakini hapo tulijifunza jaribio ambalo kila mama anaweza kulifanya bila kujua neno moja la ufundi. Mashini ina kichwa, upande wa mota, na mkia, upande unaosogea. Sukuma mkia mpaka ncha yake ikutane na ncha ya kichwa. Zikigusana sawasawa, kama vidole viwili vya shahada, vema. Zikipishana, hata kwa unene wa ukucha, mbao itatoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na kutoboa katikati hakuwezekani. Zile zilipishana. Tena ilikuwa na mwendo mmoja tu, wa haraka, na mtatusikia tukilirudia hilo la mwendo.

Ya nne tuliikuta Panda, kwa mzee aliyestaafu, ikiwa imefunikwa na turubai na mavi ya kuku. Mji wetu ulikulia viwandani tangu siku za Union Minière, wakati ulipoitwa bado Jadotville, na vyuma vya miaka hiyo bado vimelala katika malupango mengi. Hii ilikuwa ya chuma cha kumimina, kilo kama 200, mita moja kati ya ncha na ncha, sentimita 17 juu ya reli. Ncha zilikutana. Tulishika mhimili wa kichwa tukautikisa juu na chini: haukucheza, maana yake beringi bado nzima. Tukauzungusha kwa mkono na kusikiliza. Ukisikia sauti ya mchanga, beringi zinakaribia kufa, lakini hizo zinauzwa mjini na kubadilishwa. Kutu ilikuwa ya juu tu, ikatoka kwa mafuta ya taa na msasa. Mkanda wake ulikuwa na nafasi nne, kutoka mizunguko 450 kwa dakika mpaka 2,200. Bei ilikuwa chini ya ile ya dukani, hata tukiongeza gari na vijana sita wa kuinyanyua.

Tatizo lake lilikuwa mota. Ilikuwa ya nyaya tatu za umeme, ya kiwandani, na nyumba zetu zina umeme wa kawaida wa volti 220. Fundi mmoja alitushauri variateri, kisanduku kinachochukua umeme wa nyumbani na kuugawa mara tatu, na ambacho pia kinaongeza au kupunguza mwendo bila kugusa mkanda. Ni kweli kinafanya hivyo, ikiwa kibao cha mota kimeandikwa 220/380. Tulikikataa hata hivyo. Kikiungua, hapa Likasi nani atakifungua? Tuliiuza mota ile tukaweka nyingine ya umeme wa nyumbani, ya kilowati 0.75, aina ambayo fundi yeyote wa bobinaji mjini anaweza kuivua nyaya na kuzifunga upya. Wamama wanaouliza juu ya umeme: ikishika kazi inakula kidogo kuliko reshoo moja. Ila wakati wa kuamka inavuta mara 5 au 6 ya hapo kwa nukta moja, ndiyo sababu waya wake ni mnene, wa milimita 2.5, na unatoka moja kwa moja kwenye kaunta, si kwenye kile kizazi cha maunganisho kinachobeba redio, simu na friji. Jenereta ndogo ya kuwashia taa na televizyo haiwezi kuiamsha.

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipoogopa kweli.

Sote tunaijua siku ya Likasi. Umeme unakwenda, unarudi, unakwenda. Tunaishi karibu na bwawa la Mwadingusha, linalotoa umeme tangu 1930, na bado mishumaa haikosekani nyumbani. Sasa fikiri: kijana anakereza, umeme unakatika, mashini inasimama. Anangoja, anachoka, anatoka kunywa maji. Kifungo kimebaki kimewashwa. Mtoto wa miaka minne anaingia, anaona mti wa mviringo, anaushika. Umeme unarudi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichonunua baada ya mashini, kabla ya patasi hata moja, kilikuwa kontakteri yenye vifungo viwili, kijani na chekundu. Umeme ukikatika inaanguka yenyewe, na umeme ukirudi haiamki mpaka mtu abonyeze kijani kwa kidole. Ni kitu kidogo kuliko sabuni. Fundi wa umeme alitaka kuweka swichi ya taa, akisema inatosha, mama msiwe na wasiwasi. Tulimwambia kwa heshima kwamba baba, wasiwasi ndio kazi yetu. Chekundu tulikiweka chini, penye goti, mahali ambapo mtu aliyenaswa mikono yote miwili bado anaweza kukigonga. Na kila jioni plagi inachomolewa na kulala ndani ya nyumba, kwenye kabati la chumvi.

Tulipigilia pia fito ya shaba ardhini na kufunga waya kutoka mwilini mwa mashini. Kuishi mji wa shaba na kukosa kipande cha shaba cha kumkinga mtoto ingekuwa aibu.

Jioni hatukerezi. Saa ambayo wamama wote wanawasha reshoo, umeme unashuka na taa inakuwa kama kaa la makala. Mota ikiwashwa hapo inanguruma bila kuzunguka, na ukiiacha hivyo inaungua. Kazi ni asubuhi, na mchana ikiwa umeme uko.

Kuna dada mmoja wa kijiji aliyetuuliza: na sisi tusio na umeme kabisa? Dada, iko njia. Uingereza, karibu na mji wa High Wycombe uliojulikana kwa viti, mafundi waliingia msituni wakakereza miguu ya viti papo hapo mpaka katikati ya karne ya 20, bila mota. Fito ndefu inayopinda imefungwa juu, kamba inashuka na kuzunguka mbao, chini kuna ubao wa kukanyaga. Ukikanyaga mbao inazunguka kuja kwako na patasi inakata. Ukiachilia, fito inaivuta kurudi. Ni polepole, na mguu unachoka, lakini hakuna kifaa hapo kisichopatikana porini. Kwa mpini wa tupa au mguu wa kigoda inatosha.

Turudi kwenye lupango yetu. Mashini iliwekwa katika jiko la zamani la nje, la mwenzetu mjane, lenye mlango unaofungwa kwa kufuli na dirisha upande wa kushoto. Vijana walimimina saruji, wakapanda boliti nne, wakaweka chini ya miguu vipande vya tairi la zamani. Kwenye ubao wa chini tulilaza mifuko miwili ya mchanga. Tulitumia chupa ya maji iliyolala kuangalia kama reli ziko sawa. Fundi mmoja alicheka, halafu akaleta kipimo chake, na chupa ilikuwa imesema kweli.

Urefu ulitugombanisha. Wanaojua wanasema ncha ya mashini iwe sawa na kiwiko cha anayesimama. Sawa, kiwiko cha nani? Kijana ni mrefu kama mlingoti, na mama wawili kati yetu waliosema wataikereza pia ni wafupi. Tulifuata kiwiko cha kijana, kisha tukatengeneza jukwaa dogo la mbao la wamama kusimamia. Mrefu hukatwi miguu, mfupi unaongezewa. Tangu siku hiyo hakuna aliyelalamikia mgongo.

Na sasa, wamama, mavazi. Tunasema hivi tukijua tunavyopenda kikwembe. Mbele ya mashini hii hakuna kikwembe, hakuna kitambaa cha kichwa chenye ncha zinazoning'inia, hakuna mesh ndefu zisizofungwa, hakuna mkufu, bangili wala pete, hata ya ndoa. Mashini haijui kuachilia. Ikishika uzi mmoja, inavuta uzi, nguo, na mwenye nguo. Kwa sababu hiyo hiyo glavu pia haziruhusiwi, ingawa mtu angefikiri zinalinda. Tunavaa salopeti, zile za baba zetu na waume zetu wa kiwandani, mikono imekunjwa juu ya kiwiko, nywele zimefungwa ndani ya kofia. Mtu alipotuona mara ya kwanza njiani aliuliza kama mgodi umeanza kuandika wamama. Usoni tunavaa kinga ya plastiki inayofunika mpaka kidevu, si miwani peke yake, kwa sababu mbao ikipasuka haichagui jicho.

Mwendo tuliahidi kuurudia. Kipande chembamba cha sentimita 5 kinaweza kuzunguka mara 2,000 kwa dakika bila shida. Bakuli la sentimita 25 kwenye mwendo huo huo, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 90 kwa saa, kama gari kwenye barabara ya Lubumbashi, nawe umesimama mbele yake. Bakuli linaanza kwenye 450. Kabla ya kubonyeza kijani, unaizungusha mbao kwa mkono mzunguko mzima uone kama inagusa egemeo la patasi, unabonyeza ukiwa umesimama pembeni, unangoja itulie. Watoto wana mstari mweupe sakafuni, wa chokaa. Hauvukwi, hata na mwenye ujumbe wa dharura. Anasimama pale na kupunga mkono.

Patasi tulinunua tatu tu: moja yenye mfereji ya kukwangua pembe, moja bapa ya kulainisha, moja nyembamba ya kukatia. Mafundi wengi wanatengeneza patasi kwa tupa za zamani. Msifanye hivyo kwa mashini hii. Tupa ni ngumu lakini haina subira. Ikikwama inavunjika kama kioo. Afadhali patasi tatu za kweli na jiwe zuri la kunolea. Patasi isiyonolewa inararua mbao, na kijana anaanza kuisukuma kwa nguvu, na hapo ndipo ajali inapotoka.

Kuhusu mbao, Katanga hatuna sababu ya kulia. Mulombwa ni rafiki: unakerezeka vizuri, haupindi sana ukikauka, na rangi yake ya asali inapendwa. Lakini vumbi lake linawasha pua na linaweza kumletea mtu pumu, kwa hiyo barakoa, na maranda yake hatuyapeleki kwenye banda la kuku. Hatununui mulombwa kwa mtu asiyeweza kusema umetoka wapi. Pori letu limeshakatwa vya kutosha kwa ajili ya makala, na mukula tumeuona ukienda Uchina kwa malori. Zaidi ya hayo, mbao iko ndani ya malupango. Mwembe uliozeeka, mpera, mparachichi ulioangushwa na upepo, jakaranda inayokatwa kwa sababu ya nyaya: wengi wanaichoma. Tunaomba vipande, tunapaka rangi ya mafuta kwenye ncha zake ili maji yasitoke kwa pupa, tunavipanga kivulini juu ya vijiti. Hesabu ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Mwezi wa 9, joto letu likiwa kali na hewa kavu, mbao mbichi inapasuka kwa sauti usiku, mpaka mtu anafikiri ni mwizi.

Mabakuli ya chakula hatuyapaki vernisi. Nta ya nyuki, ile ya wamama wanaouza asali, tunaiyeyusha na kusugulia. Mafuta ya mawese hapana. Hayakauki, na baada ya wiki mbili bakuli linanuka.

Mashini ilizunguka mara ya kwanza tarehe 18 mwezi wa 9. Kijana hakuanza na mguu wa meza. Alikereza pia, ile ya kuchezea watoto, moja kwa kila mdogo wake, na siku nzima lupango ilijaa pia zinazozunguka. Baadaye alitengeneza mipini ya patasi zake mwenyewe. Mguu wa meza si mgumu. Miguu minne inayofanana ndiyo migumu, na fundi jirani alikataa seti mbili za kwanza, bila huruma, kwa kipimo mkononi. Ya tatu aliinunua. Siri ilikuwa kijiti bapa chenye alama za kila shingo na kila pete, ambacho kijana anakiweka juu ya mbao inayozunguka na kuchora mistari kwa kalamu. Mama mmoja kati ya wale wafupi sasa anakereza vinara, na tukisema ukweli mkono wake ni mtulivu kuliko wa kijana, labda kwa sababu ya miaka ya kushona.

Mvua ya kwanza ilinyesha tukiwa tumekwisha kulipa deni la gari. Kijana anafanya kazi siku nne kwa wiki, analipwa kwa kila seti, na sehemu inaingia likelemba. Jumamosi mbili mwezi uliopita alikwenda tena kule barabara ya Kambove na marafiki zake. Hakutuambia, tulijua kwa viatu. Mama yake hakupiga kelele. Alimwomba amfundishe kunoa patasi, Jumamosi, saa ya asubuhi. Tumeanza sote kuhitaji kufundishwa mambo siku za Jumamosi, tena mapema.

Wiki hii tunasubiri mkanda mpya, maana wa zamani umeanza kuchanika. Vikundi vya Kikula na Panda vinavyotaka kuiona vinaweza kuja Jumatano kuanzia saa 3 asubuhi. Vaeni viatu vilivyofungwa, acheni mikufu nyumbani, na leteni vipimo vya kile mnachotaka kutengeneza. Anayekatisha mwembe asichome kabla ya kutuita.